Giaboksi ya Pikipiki ya Zamani: Kusoma Dalili, Kutafuta Chanzo na Kuamua Kama Inastahili Kufufuliwa

Anayefikiria kufufua pikipiki ya zamani kwa kawaida hutazama kwanza tangi, rangi, kiti na kutu iliyoshika rimu, kisha huuliza kama injini inawaka. Giaboksi huachwa mwisho kwa sababu imefichika ndani ya kasha. Utaratibu huo unafaa kugeuzwa. Rangi hupigwa upya, kiti hushonwa, waya za umeme hubadilishwa, na hata silinda iliyolika hutobolewa ikawekewa pistoni ya saizi ya juu. Gia, ambazo zimechongwa kwa mashine maalumu na uso wake kukomazwa kwa moto, hazitengenezwi na fundi wa kawaida, na zikikosekana kazi yote husimama. Ndiyo maana swali la kama pikipiki inastahili kufufuliwa hujibiwa kwa sehemu kubwa na hali ya giaboksi, na hali hiyo hujulikana kwa kiasi kikubwa kabla ya kulegeza hata bolti moja, mradi dalili zisomwe kwa mpangilio.

Ijue kwanza giaboksi iliyo mbele yako

Dalili moja inaweza kuwa na chanzo tofauti kutegemea muundo. Pikipiki nyingi za Uingereza za miaka ya 1950 zina giaboksi iliyojitenga na injini, yenye oili yake yenyewe, na nguvu huifikia kwa cheni ya ndani inayopita kwenye klachi. Triumph iliunganisha injini na giaboksi katika pikipiki zake za cc 650 mwaka 1963, lakini Norton Commando ilibaki na giaboksi ya pembeni hadi uzalishaji wake ulipokoma katika miaka ya 1970. Pikipiki za Japani zenye injini ya mipigo minne, kama Honda CB750 ya mwaka 1969, kwa kawaida hutumia oili moja kwa injini, klachi na gia. Zile za mipigo miwili zina oili ya gia peke yake, kwa kuwa injini hulainishwa na oili inayochanganywa na petroli. BMW zenye silinda mbili zilizolala ubavuni zina klachi kavu, na nguvu hupelekwa gurudumu la nyuma kwa shafti badala ya cheni. Vespa hubadilisha gia kwa mkono wa kushoto kwenye usukani, na Honda Super Cub, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1958, ina klachi inayojishika yenyewe mzunguko wa injini unapopanda.

Hata hivyo, karibu zote zinafanana katika jambo moja ambalo ndilo msingi wa utatuzi wote. Gia zimeshikana meno muda wote na huzunguka pamoja, na kinachoamua gia ipi ifanye kazi ni meno manene yaliyo ubavuni mwa gia, yanayoingia katika matundu ya gia ya jirani. Gia husukumwa pembeni na uma, na uma huongozwa na dramu au bamba lenye mifereji, ambalo nalo huzungushwa na pedali ya mguu. Hakuna sinkronaiza, yaani kifaa cha kulinganisha mzunguko wa gia kabla hazijashikana, kama katika giaboksi ya gari. Tatizo la kubadilisha gia, kwa hiyo, liko mahali fulani kwenye njia hiyo: klachi, pedali, dramu, uma au meno ya ubavuni. Ukijua liko kwenye kiungo kipi, umekwisha kujua pia kama kasha lazima lifunguliwe.

Mambo yanayodhaniwa kuwa ubovu

Pikipiki nyingi nzuri zimekataliwa na wanunuzi kwa sababu zisizo za kweli. Mtu huisimamisha pikipiki iliyozimwa, akakanyaga pedali kutoka gia ya kwanza hadi ya mwisho, ikagoma njiani, akahitimisha kwamba giaboksi imekufa. Shafti zisipozunguka, meno ya ubavuni hugongana na ukuta wa gia badala ya kuingia tunduni, kwa hiyo gia haina budi kugoma. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono huku ukibonyeza pedali polepole, na gia zote zitaingia moja baada ya nyingine kama ni nzima. Kawasaki nyingi, zaidi ya hayo, zina kifaa cha makusudi kinachozuia gia ya pili isiingie kutoka nyutro wakati pikipiki imesimama, ili dereva aipate nyutro kwa urahisi. Mshindo mdogo wa kuingiza gia ya kwanza asubuhi, oili ikiwa baridi na nzito, nao ni wa kawaida.

Jihadhari pia na upande wa pedali. Pikipiki za Uingereza za zamani zina pedali ya gia upande wa kulia, na nyingi huingiza gia ya kwanza kwa kuinua. Mpangilio wa kushoto ulienea katikati ya miaka ya 1970 baada ya kanuni za usalama za Marekani kuulazimisha.

Oili ndiyo shahidi wa kwanza

Kabla ya kuendesha popote, mwaga oili ya gia katika chombo safi cheupe na uitazame kwenye mwanga. Oili nyeusi inaonyesha uzee tu. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji, na maji yaliyokaa miaka mingi huacha vishimo vya kutu kwenye beringi, ambavyo haviponi kwa kubadilisha oili. Uji laini wa kijivu kwenye sumaku ya bolti ya kumwagia ni masalia ya kawaida ya msuguano. Vumbi linalometameta kwa rangi ya dhahabu linatoka kwenye bushi za bronzi au kwenye uma zilizotengenezwa kwa madini hayo. Kipande kinachoweza kushikwa kwa kucha ni habari nyingine: ubapa mwembamba uliopinda ni ganda la uso wa jino au wa njia ya beringi, na kipande kinene chenye pembe ni jino lililovunjika. Ukikuta cha namna hiyo, usiiwashe pikipiki. Kasha lifunguliwe kwanza, kwa maana kipande kimoja kikipita katikati ya gia mbili huweza kupasua ukuta wa kasha.

Katika kurudisha oili, makosa mawili hujirudia sana. La kwanza ni kutumia oili ya gari yenye viungio vya kupunguza msuguano kwenye pikipiki ambayo klachi yake inaogelea katika oili hiyo hiyo. Klachi hutegemea msuguano, kwa hiyo itateleza. Tafuta oili yenye alama ya JASO MA, kiwango kilichowekwa Japani mwaka 1998 kwa ajili ya klachi za aina hii. La pili ni kudhani kwamba oili ya gia ya namba 90 ni nzito maradufu kuliko oili ya injini ya namba 50. Vipimo hivyo viwili ni mizani tofauti, na uzito wa oili hizo unakaribiana. Kwa giaboksi za zamani zenye bushi za bronzi, ningechagua oili ya daraja la GL-4 badala ya GL-5, kwa kuwa viungio vyenye salfa katika baadhi ya oili za GL-5 vinaweza kuila bronzi kunapokuwa na joto.

Gia huingia kwa kukwaruza, nyutro haipatikani, au pikipiki hujivuta klachi ikiwa imeshikwa

Hapa mshukiwa wa kwanza ni klachi isiyoachia kikamilifu. Kama nyutro hupatikana injini ikiwa baridi lakini hupotea ikishapata moto mkiwa mmesimama, usipoteze muda kushuku gia. Anza na waya wa klachi. Mkono wa klachi uwe na mchezo wa kama mm 2 hadi 3 kabla ya kuanza kuvuta. Mchezo ukizidi, pleti haziachani, na ukikosekana kabisa, pleti hazibanwi vizuri. Waya uliosokotwa hukatika nyuzi moja moja ndani ya ganda lake, kwa hiyo uzito wa kuvuta na kurudi kwa kusitasita vinatosha kuuhukumu.

Pikipiki iliyolala muda mrefu mara nyingi ina pleti zilizogandamana. Ipashe injini moto ikiwa nyutro, izime, ingiza gia ya juu, shika klachi na uisukume pikipiki mbele na nyuma mpaka uhisi zimeachana. Wamiliki wa pikipiki za Uingereza wana desturi nzuri ya kushika klachi na kukanyaga kiki mara chache kabla ya kuwasha, ili kuzitenganisha pleti zilizoshikana usiku.

Hayo yasiposaidia, fungua kifuniko cha klachi, kazi ambayo katika pikipiki nyingi haihitaji kushusha injini. Pitisha kidole kwenye kingo za bakuli la klachi mahali ambapo masikio ya pleti hukaa. Ukihisi vijishimo, pleti zinanasa humo badala ya kuteleza. Vijishimo vya juu juu husawazishwa kwa tupa, lakini vikiwa na kina, bakuli libadilishwe. Laza kila pleti ya chuma juu ya kioo bapa: fila geji (kibapa chembamba cha kupimia nafasi) ya mm 0.3 ikipita chini yake, pleti imepinda. Kwenye Jawa, ambazo pedali ya gia ndiyo hiyo hiyo inayogeuzwa kuwa kiki na pia huachia klachi yenyewe inapokanyagwa, urekebishaji wa kifaa hicho cha kuachia klachi uangaliwe kabla ya jambo lolote. Kwenye BMW zenye klachi kavu, mikwaruzo na uzito wa kubadilisha gia mara nyingi hutokana na mifuo (mifereji ya urefu inayoishika klachi) ya shafti ya kuingilia iliyokauka grisi. Mifuo hiyo isipopakwa hulika hadi nguvu ikakatika kabisa.

Injini hupanda sauti lakini mwendo haupandi

Klachi inateleza. Ingiza gia ya juu ukiwa katika mwendo wa wastani na ufungue mafuta kwa nguvu: injini ikipanda ghafla peke yake, umethibitisha. Kagua mchezo wa waya, aina ya oili, urefu wa springi na unene wa pleti kwa kulinganisha na kitabu cha pikipiki hiyo. Pleti mpya zilowekwe katika oili kabla ya kufungwa. Hii ni habari njema kuliko zote katika orodha ya dalili, kwa sababu pleti na springi ni spea zinazopatikana hata kwa pikipiki zilizoacha kutengenezwa zamani.

Gia inachomoka

Dalili hii ndiyo yenye uzito kuliko nyingine, na inahitaji kuchunguzwa kwa utulivu. Angalia kwanza vya nje: pedali iliyolegea kwenye mifuo yake, fimbo za kiungo zilizochakaa, au pedali inayogonga kitako cha mguu kabla haijamaliza safari yake. Gia ambayo haikuingizwa hadi mwisho itachomoka hata kama meno yake ni mapya.

Kisha endesha na uandike ni gia ipi inayochomoka na katika hali gani. Gia moja tu ikichomoka wakati wa kuvuta nguvu, na hasa ikiwa ni ya pili, meno yake ya ubavuni yamechakaa kona. Gia ya pili ndiyo huumia zaidi kwa sababu nyutro iko kati yake na ya kwanza, safari ya pedali ni ndefu, na dereva mwenye mguu mwepesi huiingiza nusu kila siku. Meno mazima yana kona kali, na mengi huchongwa yakiwa yamepinda ndani kidogo ili nguvu iyavute yashikane zaidi. Kona zikishakuwa duara, nguvu ile ile huyasukuma yaachane. Gia zinazotumia uma mmoja zikichomoka zote, mtuhumu uma huo: umepinda, au ncha zake zimelika upande mmoja. Uma uliobanwa na gia hupata rangi ya buluu ya kuungua kwenye ncha, na ukiiona rangi hiyo huna haja ya kipimo kingine. Gia zote zikichomoka bila mpangilio, chunguza springi na kidude kinachoishikilia dramu mahali pake. Springi hiyo ni kitu kidogo cha bei ndogo, na katika baadhi ya pikipiki hufikiwa kutoka nje ya kasha.

Meno yaliyochakaa yana njia mbili. Ya kwanza ni gia nyingine, mpya au ya kuchomolewa kwenye pikipiki nyingine, na gia hiyo inunuliwe pamoja na mwenzake wanayeshikana, maana ndio waliolika pamoja. Ya pili ni karakana yenye mashine ya kusaga inayoweza kuchonga upya kona za meno kwa pembe ya nyuzi chache. Kuziba meno kwa kulehemu nisingekushauri kamwe, kwa kuwa joto huharibu ugumu wa uso wa gia nzima.

Kwa Vespa maelezo ni tofauti. Gia huchaguliwa na chuma chenye umbo la msalaba kinachoteleza ndani ya shafti, na ncha zake zikichakaa gia huruka kwa kelele kila unapofungua mafuta. Waya za gia zilizolegea huleta dalili inayofanana, kwa hiyo zirekebishwe kwanza, kwani msalaba haubadilishwi bila kuipasua injini katikati.

Pedali hairudi, au hukanyagwa bila kitu kutokea

Springi ya kurudisha pedali imekatika, au shafti ya pedali imepinda kwa sababu pikipiki iliwahi kuanguka upande huo. Tazama kama kitako cha mguu cha upande huo nacho kimepinda.

Kelele

Kelele hutafutwa kwa kulinganisha hali mbili. Injini ikinguruma katika nyutro na mkono wa klachi ukiwa umeachiwa, sikiliza; kisha shika klachi. Mvumo au mkwaruzo unaotoweka unaposhika klachi unaelekeza kwenye beringi za shafti ya kuingilia, kwa kuwa shafti hiyo husimama. Mgongano wa kuchezacheza, usio na mvumo, unaweza kuwa wa bakuli la klachi lililolegea tu, na unavumilika kwa muda mrefu.

Barabarani, giaboksi za Uingereza za gia nne zinakupa kipimo ambacho nyingi za Japani hazina. Katika gia ya nne nguvu hupita moja kwa moja, bila kupitia shafti ya chini, yaani ile ya pili iliyo chini ya shafti kuu. Kelele iliyopo katika gia ya kwanza, ya pili na ya tatu ikinyamaza katika ya nne, beringi au bushi za shafti ya chini ndizo zenye kasoro. Katika giaboksi ambazo kila gia hupitia shafti zote mbili, kelele ya gia moja ni ya meno ya jozi hiyo, na kelele ya gia zote ni ya beringi.

Norton Commando inastahili onyo lake peke yake. Beringi ya shafti ya chini iliyofungwa kiwandani inajulikana kwa udhaifu, na kabla haijavunjika huonyesha ishara isiyoweza kukosewa: mkono wa kiki husogea wenyewe wakati pikipiki iko mwendoni. Ukiona hivyo simama papo hapo, kwa sababu hatua inayofuata inaweza kuwa kukaza kwa giaboksi nzima na gurudumu la nyuma kujifunga. Tiba ni beringi ya rola au ya aina iliyoimarishwa, na anayenunua Commando isiyo na kumbukumbu ya kazi hiyo ahesabu gharama yake tangu mwanzo.

Usisahau kwamba cheni mbovu huigiza giaboksi mbovu kwa ustadi mkubwa. Vuta cheni kutoka nyuma ya sproketi kubwa: jino likionekana nusu, cheni imekwisha. Kwa cheni za ukubwa wa 520 hadi 530, hatua 20 (kutoka pini hadi pini) zinapaswa kuwa mm 317.5, na zikikaribia mm 323 cheni na sproketi zake zibadilishwe pamoja. Mpira wa kupunguza mshtuko katika kitovu cha gurudumu la nyuma nao ukichakaa huleta mtikisiko unaodhaniwa kuwa wa gia.

Oili inapungua

Oili inayotoka nyuma ya sproketi ya mbele ni ya sili ya shafti ya kutokea. Kabla ya kununua sili, ishike sproketi uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi imechakaa na sili mpya haitadumu. Hakikisha pia tundu la kupumulia la kasha halijaziba, kwa maana shinikizo huisukuma oili kupita sili nzima.

Kwenye pikipiki ya mipigo miwili, oili ya gia inayopungua bila tone kuonekana chini, pamoja na moshi mweupe mzito na plagi iliyolowa, inamaanisha kwamba sili ya kranki upande wa klachi imekauka na injini inainywa oili ya gia. Oili ya gia ikiongezeka na kunuka petroli, sili hiyo hiyo inapitisha kinyume. Pikipiki iliyokaa miaka mingi ihesabiwe kuwa na sili za kranki zilizokufa hata kama haijaonyesha dalili.

Je, inastahili?

Kwa fedha peke yake, jibu la kawaida ni hapana: ufufuaji kamili wa pikipiki ya kawaida mara nyingi hugharimu kuliko bei itakayouzwa, na anayekusudia faida afanye hesabu hiyo mapema. Anayekusudia kuiendesha na kuitunza ana sababu nyingine, nazo ninaziheshimu, ila hazimwondolei wajibu wa kukagua vitu vitatu. Cha kwanza ni kasha lenyewe. Ondoa kifuniko cha sproketi ya mbele na utafute nyufa, kulehemu kwa zamani na makovu ya cheni iliyowahi kukatika. Kasha la alumini lililopasuka karibu na beringi ni sababu tosha ya kuachana na pikipiki ambayo si adimu. Cha pili ni spea. Pikipiki za Triumph, BSA, Norton, BMW, Vespa na Royal Enfield bado zina wauzaji na watengenezaji wa vipuri vya giaboksi, ilhali pikipiki ya Japani iliyouzwa kwa miaka miwili tu inaweza kuwa na pistoni sokoni lakini isiwe na gia hata moja. Cha tatu ni namba za fremu na injini kulingana na hati, kwa kuwa pikipiki isiyosajilika haiendeshwi.

Kufufua kila kitu pia si lazima. Pikipiki ambayo giaboksi yake inaonyesha uji wa kijivu tu, gia zote zinaingia, na kelele yake haina mvumo, ibadilishiwe sili, oili, pleti na waya, kisha iendeshwe kwanza. Kuipasua giaboksi nzima kwa sababu tu pikipiki ni ya zamani huleta makosa ya kufunga ambayo hayakuwepo.

Kama dalili zimelazimisha kufungua, ifungue giaboksi kabla ya kutumia pesa kwenye rangi au kromu. Piga picha kila pete na kila washa katika mpangilio wake, tengeneza orodha kamili ya vinavyohitajika, na hakikisha kila kimoja kinapatikana. Spea zisipokamilika, paka gia na beringi oili, zifunge ndani ya boksi kavu lenye majina, na uisubirishe kazi iliyobaki mpaka gia ya mwisho ipatikane. Ikishindikana kabisa, pikipiki hiyo iuzwe ikiwa nzima kwa mwenye nyingine ya aina yake, ambaye kwake kasha zima na shafti nzuri vina thamani kuliko tangi lililong'arishwa.